Aliyeitikia Shikamoo ya Babu Yake

Majina ninayo yote. Jina la mwalimu aliyenifundisha ile miaka mitatu ya shule niliyopata ninalo, la mbuzi wa kwanza wa marehemu mume wangu ninalo, na la yule mwanamke wa peasi pale sokoni Lushoto ninalo pamoja na la baba yake na la babu yake. Lakini humu sitaandika hata moja. Mjukuu wangu alianza kazi ya kuchekesha kwa kutaja watu majina, na jinsi nilivyozunguka nyumba za watu kuwatuliza, nimekoma.

Walikuwa wanamaliza shule ya msingi. Kuna sherehe, wazazi tumekaa kwenye madawati na masweta yetu, yeye akasimama mbele akamwiga mwenyekiti wa kitongoji anavyogombana na watu wasiotokea kwenye kazi ya barabara. Akataja na jina. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Kesho yake asubuhi, ukungu umeshuka huoni hata mti wa peasi ulio hatua kumi kutoka mlangoni, mke wa mwenyekiti akaja. Akasimama palepale kizingitini akaniambia, "Mama, mjukuu wako ametuvua nguo." Hakukaa, hakunywa chai. Karibu mwaka mzima tukikutana bombani ananisalimia kwa kidevu tu.

Nikamwambia mjukuu: iga watu uwezavyo, ila majina yao waachie wenyewe. Hilo alilishika. Katika yote niliyomwambia maisha yake yote, sidhani kama kuna lingine.

Ni mtoto wa mwanangu wa kwanza. Baba yake na mama yake walikuwa Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai, na shule ilikuwa mbali na nyumba za wafanyakazi, basi wakamleta kwangu akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Mwanaume mkubwa katika ukoo akawa kaka yake mume wangu, shemeji yangu, ambaye mjukuu anamwita babu. Nyumba yake iko juu ya yangu, unapanda kwa njia ya migomba, na kila jioni alikuwa akishuka kuja kuangalia kama tupo salama.

Huyu shemeji lazima nimweleze vizuri, maana matatizo yote yametoka kwake bila yeye kufanya lolote. Ni mtu mrefu, mwembamba, ana mkongojo, na kofia ya kufuma aliyoipenda mpaka imebadilika rangi. Hasemi neno bila kwanza kukohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kupiga hodi. Kisha anauliza, "Umekula?" Anamuuliza kila mtu. Atakukuta una sahani mkononi na tonge liko shavuni, atakuuliza umekula. Kisha anakaa, anavua kofia anaivisha goti, anasema, "Mimi sina la kusema." Hapo ujue chai yako itapoa, kwa sababu ataongea mpaka kuku waingie ndani.

Basi jioni moja, kabla ya ile sherehe ya shule, mtoto bado mdogo na shemeji ameshaondoka, mjukuu akachukua mwiko akaufanya mkongojo, akajifunga kitambaa changu kichwani kikawa kofia. Akakohoa mara mbili. Akamuuliza paka, "Umekula?" Akakaa kwenye kigoda, akavua kitambaa akakivisha goti, akamwambia paka, "Mimi sina la kusema." Nilicheka machozi yakadondoka kwenye maharage. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikampa ukoko wote wa sufuria, na yule mtoto akaelewa vizuri kabisa ni kitu gani kinacholeta ukoko. Nakumbuka ni siku ile ile nilipofungua mlango baadaye nikakuta kidumu cha maziwa kimeachwa chini hapo nje, mbwa anakinusa. Asubuhi nikapanda juu kumgombeza mkwe wa shemeji kwa kuacha maziwa ovyo. Mwanamke wa watu akakana, mimi nikaona ananidanganya.

Alipokua akawa mshereheshaji wa harusi. Harusi za Lushoto zote alikuwa anaitwa yeye, za Waislamu na za Walutheri, mpaka za wakubwa wa mashamba huko juu. Kisha akashuka Tanga, kisha Dar es Salaam, kwenye hii wanayoita stendapu. Nilimuuliza stendapu ndiyo nini. Akasema, "Bibi, unasimama peke yako na kipaza sauti, unasema, watu wanacheka." Nikamwambia hata kichaa wa stendi anafanya hivyo, tena bila kipaza sauti. Akacheka, na baadaye nikasikia alikwenda kulisema jukwaani.

Huko alikuwa anawachekesha watu wa joto kwa kuwasimulia habari zetu sisi wa baridi. Jinsi tunavyolala na soksi, jinsi kabichi zetu zilivyo kubwa kuliko watoto wetu, jinsi Msambaa akifika Dar anavyovua sweta moja na kubaki na jingine. Mwaka wa kwanza walicheka. Mwaka wa pili walikuwa wameshajua lile sweta la pili linakuja. Akarudi nyumbani amekonda, analala mpaka jua linachomoza juu ya mlima, akiamka anakaa jikoni ananiangalia nikichambua mboga.

"Bibi, hawacheki tena."

"Wamechoka. Hata mimi nimechoka. Nenda kapalilie karoti."

"Mtu ukisimama pale na wao wamenyamaza, bibi, unasikia mpaka feni."

"Karoti haina feni. Nenda."

Alipalilia vibaya, aking'oa karoti na kuacha majani. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu matuta yaliyobaki alipopigiwa simu na watu wa televisheni. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya karoti zangu.

Mimi nilidhani sasa atakuwa steringi. Nikawaambia majirani. Akaniambia, "Bibi, uso wangu si wa steringi." Nikamuuliza uso wako una nini, ni uso wa babu yako mzaa baba na yeye alioa. Akasema kwenye televisheni kuna steringi na kuna wale wengine, na yeye atakuwa wale wengine. Basi akawa mlinzi wa geti. Akawa fundi viatu. Akawa mganga wa uongo, akawa muuza majeneza, akawa mtu anayekaa kwenye basi karibu na steringi. Kila mara anapiga simu, "Bibi, leo angalieni." Naita majirani, watu wanavua viatu mlangoni, wanajipanga mkekani. Nimewahi kuchemsha chai ya watu tisa kwa ajili ya mtu aliyesema "Bosi hayupo" na mlango ukafungwa. Jirani mmoja akaniuliza, "Ndiyo imeisha?" Nikamwambia ngoja, pengine mlango utafunguliwa. Haukufunguliwa.

Kisha simu zikaanza kuwa za ajabu. "Bibi, babu akikaa anatangulia kuweka mkongojo au kuvua kofia?" Namwambia, mkongojo kwanza, anauegemeza ukutani, halafu kofia. "Na akikasirika anashika nini?" Namwambia hashiki kitu, anaangalia mlango. Nilidhani mtoto amemkumbuka babu yake. Nikafurahi. Nikawa namweleza mpaka salio lake linaisha.

Tamthilia mpya ilipoanza, majirani walikuwa kwangu kama kawaida. Akaingia mzee mmoja, ndevu nyeupe, mgongo umepinda kidogo. Sikumtambua. Yule mzee akakohoa mara mbili. Akamwangalia steringi aliyekuwa anakula. Akamuuliza, "Umekula?"

Akakaa, mkongojo ukutani, kofia gotini. "Mimi sina la kusema."

Nyumba yangu ilipasuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, siwezi kuficha. Nilicheka kwanza, hofu ikaja baadaye.

Shemeji hana televisheni, ana redio. Kitongoji chetu, ambacho mtu hawezi kununua sufuria mpya bila watu wa bonde la pili kujua, kilitunza siri hii miaka miwili. Hakuna aliyemwambia. Watoto wakimwona njiani walianza kumsalimia kwa sauti, wamejipanga mstari, wanangoja amwulize kila mmoja kama amekula, halafu wanakimbia kwenda kucheka nyuma ya migomba. Yeye akaniambia, "Shemeji, watoto wa siku hizi wamepata adabu." Nikainamisha kichwa nikapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Mjukuu akawa mtu mashuhuri kwa uzee. Ana miaka thelathini na nne, kila anakopita watu wazima wanampa shikamoo kwa utani, naye anaitikia kwa sauti ile ya babu yake, "Marahaba mwanangu, umekula?" Nikamkanya. Shikamoo si kitu cha kuchezea. Kwetu mtoto akikupita bila shikamoo anarudishwa njia nzima aje aseme. Akanijibu, "Bibi, ni kazi." Kila kitu kwake kazi. Kulala mchana kazi, kujiangalia kwenye kioo kazi.

Sasa akampata binti wa Shume. Mwalimu wa watoto wadogo, mtulivu, kwao wanalima viazi na kabichi upande ule wa msitu wa kupandwa. Huyu nilimpenda siku ya kwanza, kwa sababu mjukuu alipoanza vituko vyake mezani, yeye alimwambia, "Kula kwanza." Nilitaka ndoa hii kuliko yeye mwenyewe alivyoitaka. Mimi ni mzee. Nilitaka kumwona ameingia katika nyumba yenye mtu wa kumwambia ukweli, maana mimi sitakuwepo siku zote.

Babu yake binti akaleta neno. Alisema hakatai, ila mjukuu wake hataposwa kama filamu. Posa iletwe na wazee wa ukoo, kwa taratibu, na hataki kuona watu wa televisheni sebuleni kwake. Kwetu baba hamposei mwanawe, anakwenda mkubwa. Na mkubwa tuliye naye ni mmoja tu. Shemeji akakubali, akatoa kanzu kwenye sanduku, mkwe wake akaianika. Siku ikapangwa, Jumamosi.

Mjukuu alipanda kutoka Dar akafika Alhamisi, siku ya soko. Badala ya kuja moja kwa moja nyumbani akasimama sokoni ili watu wamwone. Mimi nilikuwa pale, upande wa vitunguu, nilikuwa nikiona yote. Watu wamemzunguka, simu zimeinuliwa juu, kila mmoja anataka shikamoo yake iitikiwe. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, umekula. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, umekula. Kama mashine ya kusaga.

Shemeji akatokea upande wa maduka na mkongojo wake. Alikuwa amekwenda kununua kitambaa cha kufungia barua ya posa. Akapita nyuma ya lile kundi. Mwanamke wa peasi, ambaye ana adabu zake na alikuwa hana habari na mambo ya televisheni, akamwona mzee, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo babu."

Mjukuu amewapa mgongo. Akasikia shikamoo. Kabla shemeji hajafungua mdomo, kabla hata hajamaliza kile kikohozi chake cha pili, sauti yake ikatoka upande mwingine wa watu: "Marahaba mwanangu, umekula?"

Soko lilicheka kama halijawahi kucheka. Shemeji alisimama. Akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyesikia anaitwa na marehemu. Kundi likafunguka, akamwona mjukuu wake, na mjukuu akamwona yeye, mkono bado uko kiunoni, mgongo bado umepinda. Wale wawili walisimama vilevile, mmoja kama mwenzake. Shemeji alitazama barabara ya kwenda nyumbani, akaishika.

Jioni nikapanda juu na mjukuu nyuma yangu. Shemeji yuko barazani.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema, kwa sauti yake mwenyewe, hiyo ambayo siku hizi huisikii sana.

Shemeji akanitazama mimi. "Shemeji, kanzu niliyotoa nimeirudisha sandukuni. Mtu aliyeitikia shikamoo yangu sokoni ni mzee mwenzangu. Mzee haposewi na mzee mwenzake. Aende mwenyewe."

"Babu, naomba radhi. Sikukuona."

Sasa hapa nisaidieni. Shemeji ana wakwe wawili na wajukuu wamejaa nyumba nzima, na wote walikuwa wamebanana mlangoni wanasikiliza. Mjukuu aliposema "naomba radhi", akiwa na uso wa huzuni kabisa, mmoja wa wale wakwe akapasuka kwa kicheko. Wengine wakafuata. Hakuwa amefanya kituko chochote. Wamemzoea tu, akiwa na huzuni ndiyo wanacheka zaidi. Akageuka akawaambia, "Jamani, sichezi." Wakaanguka chini kabisa. Mmoja alilia mpaka akashika mlango.

Shemeji akainuka. "Umekuja kuniomba radhi na watu wako wa kucheka." Akaingia ndani.

Kushuka ile njia ya migomba nilikuwa nasema peke yangu. Miaka yote hiyo mtoto anafundishwa kuchekesha, hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuacha. Yeye nyuma yangu anasema, "Bibi, umeona? Hata pale." Nikamwambia anyamaze, nisije nikacheka na mimi, maana kicheko kilikuwa karibu kunitoka, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote.

Ijumaa baada ya swala nikapanda peke yangu. Sikutaka kwenda. Nilimkuta anafuta redio yake kwa kitambaa, kile kile alichonunua cha posa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Shemeji, nimekuja kusema jambo. Huyu kijana kukuiga hakuanzia televisheni. Alianzia jikoni kwangu, kwa mwiko wangu. Na aliyecheka wa kwanza ni mimi. Nilimwambia rudia. Na akinipigia simu kuuliza unakaaje, mimi ndiye niliyekuwa namweleza. Ukimkasirikia yeye, nikasirikie na mimi, tugawane."

Akaendelea kufuta redio. Kisha akaniambia kwa Kisambaa, kwa sababu akiumia Kiswahili kinamkimbia, kwamba alijua. Alijua siku ile ile ya kwanza. Alikuwa amesahau kutuletea maziwa, akarudi nayo, akafika mlangoni, akasikia mtu anakohoa ndani kwa kikohozi chake na mimi nacheka. Akaweka kidumu chini akaondoka.

Miaka zaidi ya ishirini nimemlaumu mkwe wake kwa maziwa yale. Mpaka siku ile jina lake likitajwa nilikuwa nasema, yule mzembe.

"Mbona hukuingia?"

"Ningeingia mngenyamaza," akasema. "Na wewe ulikuwa hujacheka tangu ndugu yangu azikwe."

Shemeji akakohoa mara mbili, lakini hapo sikuona cha kuchekesha.

"Nyumbani si neno," akasema. "Sokoni ndiyo neno. Mlete. Aje aniige hapa, mbele yangu, nione anachowaonyesha watu. Hawa wengine nitawapeleka shamba."

Nikamleta. Baraza tupu, tupo watatu. Shemeji kwenye kiti chake, mjukuu amesimama mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikampa mkongojo wa shemeji mwenyewe. Akaushika. Akafungua mdomo. Mtu aliyesimama mbele ya mamia ya watu huko Dar, jasho likamtoka kwenye baridi ile. Akajaribu kupinda mgongo, ukarudi ukanyooka wenyewe.

"Siwezi, babu."

"Kwa nini? Kazi yako si ndiyo hii?"

"Siwezi ukiwa unaniangalia."

"Basi," shemeji akasema, "hiyo ndiyo radhi. Ungeweza, nisingekwenda Shume." Akanigeukia. "Mwambie mkwe akirudi shamba atoe tena kanzu. Na huyu kijana tukifika atabaki ndani ya gari, vioo juu. Sitaki kumsikia hata akipiga chafya."

Jumamosi tukakodi gari, Noah, shemeji mbele na dereva, mimi na mwanangu aliyetoka Kwamkoro nyuma, muoaji nyuma kabisa. Barabara ya Shume siku ile ilikuwa na magari ya mbao, tukawa tunasimama kila kona. Tukafika. Muoaji akafungiwa.

Sebule ya watu wa Shume ilikuwa imepangwa vizuri, wazee viti vya mbele, wanawake mkekani. Babu yake binti amekaa na uso wa mtu anayengoja kudanganywa. Tukakaribishwa. Shemeji akaegemeza mkongojo ukutani. Akakohoa mara mbili.

Nikaona shangazi mmoja ameinua kichwa.

Shemeji akamgeukia mwenye nyumba. "Umekula?"

Yule shangazi akajaza upindo wa kanga mdomoni. Msichana wa pembeni akainama akajifanya anatafuta kitu mkekani. Mimi nikawa nasema moyoni, kofia usivue, shemeji, kofia iache hapo hapo ilipo. Akavua kofia. Akaivisha goti.

"Mimi sina la kusema."

Sebule ile ilianguka. Wanawake waliegemeana, wazee wakatoa vitambaa kufuta macho. Bibi yake binti, mwanamke mkubwa kunishinda, akasema akihema, "Mzee, wewe unamwiga yule wa televisheni kuliko anavyojiiga mwenyewe."

Barua ya posa iko mkononi mwa shemeji, imefungwa kwenye kitambaa. Akaangalia mlango, na mimi najua maana ya kuangalia mlango, ndiye niliyemwambia mjukuu. Nilijua akisimama tu, imekwisha. Binti wa watu atabaki kwao, yule wangu atarudi Dar kuwa mzee mpaka awe mzee kweli, peke yake.

"Yupi wa televisheni?" shemeji akauliza, kama mtu asiyejua.

Wakamweleza, kila mmoja na lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakohoa. Mara mbili. Mpaka leo sijui kama kilikuwa kikohozi.

"Yule ananifuata mimi," akasema. "Mimi nimekohoa huku milimani kabla umeme haujafika."

Walicheka tena, lakini aliyecheka kuwapita wote ni babu yake binti, yule yule aliyekataa watu wa televisheni. Akasema, "Sisi tuliogopa mtatuletea msanii." Shemeji akamjibu, "Msanii tumemfungia ndani ya gari. Hapa amekuja mwenyewe." Na akamnyooshea ile barua, na yule mzee akaipokea kwa mikono miwili, bado mabega yanamtikisika. Baada ya hapo shemeji alisema bila kusimama, na hakuna aliyetaka anyamaze. Wali ukaletwa, na kuku, tukala.

Tuliporudi kwenye gari mjukuu alikuwa amebandika sikio kwenye kioo. Hakuuliza wamekubali au wamekataa. "Bibi, wamecheka nini? Nimesikia mara saba." Nikamwambia wamekubali posa. "Alhamdulillahi," akasema. "Lakini ile ya tatu, ile kubwa, ilikuwa ni nini?" Nikaona wivu umemjaa machoni, wivu wa kazi. Baba yake akageuza uso dirishani.

Gari likaondoka. Tumeingia msituni, miti imesimama mistari pande zote, shemeji bila kugeuka akasema, "Shikamoo."

Dereva akapunguza mwendo. Nikamwona mjukuu anameza mate; ile marahaba ilikuwa imeshafika ulimini, nilimwona anairudisha. Akasogea mbele katikati ya viti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo babu."

Shemeji akaiacha ikae. Tukapita msitu wote, tukapita wanapopakia magogo. Tulipoanza kuteremka ndipo alipokohoa.

"Marahaba. Umekula?"

Na hakuwa amekula. Sisi wote tumeshiba wali na kuku wa watu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumpelekea muoaji sahani kwenye gari. Kwa bahati nilikuwa nimefunga paja la kuku kwenye upindo wa kanga, la kwangu la kesho. Nikampa. Akala lote, mikono inang'aa mafuta, huku akinisumbua njia nzima nimwonyeshe babu yake alivua kofia kabla au baada ya kukohoa.

Sikumwambia.